Funga Mama Mkwe

Seva tulizofunga miaka ile zilikuwa kubwa kama friji la bucha, na hazikuwaka mpaka zipewe wa kuzisimamia: kompyuta nyembamba yenye kioo cha kukunja, iliyokaa kwenye kabati lilelile, ikizitumia amri kupitia waya wa mtandao na kuchungulia kila kinachoendelea ndani yake. Mimi niliibatiza mama mkwe. Wazungu wa kazini walidhani hilo ndilo jina lake halisi la Kiswahili.

Wenye Kiswahili kwenye timu tulikuwa wawili. Mimi Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Mwenzangu kijana wa kiume, Mkongomani wa milima ya Kivu Kusini, aliyetoka kupanga maboksi kwenye ghala moja la Columbus, huku Marekani. Kampuni ilimchukua kwa majaribio ya miji mitatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Akifaulu, anaajiriwa, akishindwa, anarudi kwenye maboksi. Niliambiwa nimfundishe, nami sina simile na waya uliokaa ovyo.

Louisville alijifunza nyaya. Za umeme zipite kushoto, za mtandao kulia, na kila waya uwe na lebo ncha zote mbili. Mara ya kwanza nilimfumulia kazi yote. Akanitazama, akasema, "Bon, dada," kwa Kiswahili chao cha kuchanganya na Kifaransa, akaanza upya huku akiimba nyimbo za kwaya. Nilikasirika kwamba hakukasirika.

Columbus alijifunza mama mkwe. Jioni alinipeleka kwenye maduka ya Waafrika ya Morse Road nikanunue unga wa muhogo wa kurudi nao nyumbani Buffalo, akanibebea mfuko mpaka kituoni. Hapo nilikuwa nimeshaanza kumpenda, ila nilijifanya naangalia basi tu.

Mtihani ulikuwa Buffalo. Seva imeshawashwa, mama mkwe anaipakia programu zake, na bosi wetu, mzee wa Kenmore, pembeni mwa Buffalo, asiyependa maneno mengi, ametoka kupokea simu. Mimi nilikuwa nimejibana nyuma ya kabati nikipanga nyaya, mwenzangu yuko mbele kwenye kioo. Nikaona mama mkwe anacheza kwenye reli za chuma zinazomshikilia. Skrubu za mbele hazijakazwa. Nikapaza sauti kuzishinda feni:

"Funga mama mkwe!"

Nilipozunguka mbele, kioo kilikuwa cheusi, na mwenzangu anatabasamu.

"Umefanya nini wewe?"

"Mais dada, ulisema nifunge. Njo vile nimefunga. Kosa iko wapi?"

Kwetu, kufunga mashine ni kuiweka mahali pake na kuikaza. Fundi akija kuweka dishi, tunasema amefunga dishi. Kwao, kufunga mashine ni kuizima, kama mtu anavyofunga redio akalale. Programu ilikuwa imekatika katikati na seva imebaki bubu. Niliona kibarua chake kikiota nyasi mbele ya macho yangu.

Bosi alirudi, uso ukamwiva. Aliuliza nani kaizima. Mwenzangu akajibu ni yeye, mimi hakunitaja. Nikadakia kwa Kiingereza cha mbio kwamba amri niliitoa mimi, na neno letu ni moja lakini lina njia mbili. Bosi akataka kulisikia.

"Funga," tukasema kwa pamoja.

Akauliza kama maana yake ni kuzima.

"Ndiyo," akasema mwenzangu.

"Hapana," nikasema mimi.

Tukaanza kubishana palepale, kila mmoja akitetea Kiswahili cha kwao, mpaka bosi akakalia boksi akicheka. Alituambia tuanze upya, na neno hilo asilisikie tena chumbani mle.

Tukaanza upya. Nyaya zote zilikuwa pale lebo zilipotaka. Alasiri seva ikaitikia, bosi akampa mkono: kazi ni yake. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, kwa hiyo nikamgombeza kuhusu zile skrubu, ambazo bado hazijakazwa.

Jioni tulikwenda mgahawa mmoja wa Grant Street kula ugali. Alinawa mikono, lakini hakugusa chakula.

"Donc, siye tutafunga lini?"

"Kufunga nini? Kazi si imeisha?"

"Ndoa."

Tangu Louisville hakuwahi kuniambia jambo bila kutia "dada" ndani yake. Safari hii hakutia. Nilikata tonge, nikalishikilia tu mkononi.

"Sawa," nikamwambia, "lakini tufunge kwa Kiswahili cha kwetu, siyo cha kwenu."