Mwalimu wa mtandaoni wa binti yangu ni shemeji yangu

Admin, naomba ufiche jina langu na la mtoto, maana ukoo wetu uko humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina watoto watatu, naishi upande wa Nduruma na nafanya kazi kwenye shamba la maua. Binti yangu mkubwa, nitamwita Upendo, ana miaka kumi na minne na yuko kidato cha pili. Naandika nimechoka, kwa hiyo nikirudia maneno mnisamehe.

Upendo hesabu zilikuwa zinamsumbua. Mdogo wake mume wangu ni mwalimu, msomi wa kwanza kwao, na alikuwa anafundisha kwenye jukwaa moja la masomo ya mtandaoni. Akatuambia tumwandikishe mtoto huko, atamwangalia mwenyewe. Nilifurahi. Nikawa naacha simu nyumbani ili asome akitoka shule, na mwanzoni alisoma kweli, wako watoto wengi darasani, na maswali yote yanaandikwa pale mzazi anaona. Alama zikapanda. Baadaye akawa ananirudishia simu imezimwa, nikimuuliza ananiambia chaji imeisha. Hesabu alizokuwa ameanza kuzipenda akawa hataki hata kuzisikia. Nikajua ni umri.

Pasaka tukapanda Momela kwa mama mkwe. Shemeji alipofika, watoto wote wakakimbia kumwamkia, Upendo akaenda kusimama nyuma ya jiko kwenye migomba. Bibi yake akaona ni kiburi, akamshika mkono hadi mbele ya baba yake mdogo. Mtoto akasema shikamoo huku anatetemeka. Mimi ni mama yake, ile sauti sikuielewa lakini iliniingia. Tuliporudi nyumbani nikakaa naye peke yetu nikamwambia sitamchapa, sitapiga kelele, aniambie tu. Akalia sana, kisha akanionyesha meseji kwenye simu.

Baba yake mdogo alimhamisha kutoka darasani akaanza kumwandikia inbox, ambako mzazi haoni, eti kule mtandao unasumbua. Ikaanza na hesabu. Halafu akawa anamwambia awashe kamera akiwa chumbani na afunge mlango. Halafu picha. Mtoto alituma moja akiwa na sare ya shule, akaambiwa haitoshi. Alipokataa akaandikiwa, "Ukimwambia mama yako ataacha kukusomesha, na mimi nitasema wewe ndiye ulianza." Nilisoma zote nikiwa nimekaa sakafuni.

Sikufuta kitu. Niliwapigia wale wa jukwaa, nikapokelewa na dada mmoja mpole. Akaomba niwatumie zile meseji, akazungumza na Upendo kwa simu taratibu, na baada ya muda wakamfungia shemeji asifundishe tena kwao. Huyo dada aliniambia wao wameishia kumtoa, mengine yako kwa polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na kwamba nisichelewe.

Hapo ndipo nilipokwama. Mume wangu aliposoma alilia, sijawahi kumwona analia. Lakini mama mkwe akaita kikao cha ukoo na mzee wa kanisa akaja. Upendo akatakiwa kusimulia mbele yao wote. Shemeji akasema ulikuwa utani, alikuwa anamzoea kama mwanawe, akapiga magoti akaomba msamaha. Wakaomba, wakafunga kikao, tukapewa chai. Njiani mume wangu akaniambia, "Mama Upendo, yule ni damu yangu. Ukimpeleka polisi, usirudi nyumbani kwangu." Hajawahi kunipiga wala kunitukana, na aliyasema hayo kwa sauti ya chini kabisa. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya chumvi na maji tu.

Nilitaka kunyamaza, nawaambia ukweli. Hata mtoto mwenyewe aliniambia, "Mama, nimechoka kusimulia. Naomba yaishe." Amerudi kula, ameanza kucheka na wadogo zake. Nikasema basi, Mungu atajua.

Wiki iliyopita tukiwa tunafunga maua, mwenzangu wa kazini akawa anasifia mwalimu aliyempatia mwanawe wa darasa la sita. Anafundisha kwenye kundi lake mwenyewe la simu, mpole, mcha Mungu. Alipotaja jina, lilikuwa la shemeji. Nilimvuta pembeni nikamweleza yote. Akaomba ruhusa akaondoka. Kesho yake akaja macho yamevimba. Mtoto wake naye ameshaanza kuandikiwa inbox, ila kwa uoga alikuwa anafuta kila meseji. Amemtoa kwenye kundi, lakini hana cha kuonyesha. Akaniambia, "Dada, wewe ndiye unazo. Twende wote." Nikamwambia anipe siku chache.

Nikienda, ndoa yangu imekwisha na mama mkwe ataniita muuaji wa mwanawe. Tena nitakuwa nimemrudisha binti yangu kwenye kusimulia, wakati ameniomba mimi, mama yake, nimpumzishe. Nisipoenda, lile kundi bado liko hewani na watoto wa watu wamo, wazazi wao wanashukuru kama nilivyokuwa nashukuru mimi. Kazini nafunga maua sijui nafunga nini. Kanisani naimba midomo tu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, sitaki kuambiwa nivumilie, hilo nimeambiwa na wengi. Nataka aliyewahi kumpeleka mtoto pale dawati aniambie: wanamhoji mara moja au mara nyingi? Anahojiwa na mwanamke? Nitaruhusiwa kumshika mkono? Na mtoto akikataa kabisa, zile meseji peke yake zinatosha? Nijibuni hata kwa maneno mawili. Kesho niko zamu ya mchana, asubuhi nina nafasi ya kwenda.