Leo login inakubali, kesho inakataa: nilivyokaribia kumpoteza mteja wangu wa kwanza

Wakuu, salamu kutoka Nyeri. Nawapa hii kama ilivyotokea, hata pale nilipoonekana mjinga.

Naendesha hosting ndogo hapa mjini. Server moja ya Linux, wateja wa kuhesabika.

Mteja wangu wa kwanza ni Wairimu, mwenye kitalu cha miche ya parachichi huku Skuta. Alinipa website yake wakati hakuna aliyenijua, halafu akanisifu kanisani mpaka wengine wakanitafuta. Kazi yangu imesimama kwa mdomo wake.

Sasa mvua ilipokaribia, msimu wa watu kuagiza miche, login ikaanza kusumbua ofisini kwake. Leo wanaingia vizuri, kesho server inawakataa wote kwa pamoja, halafu baada ya muda inakubali bila mtu kugusa kitu.

Oda zimejaa humo ndani na hakuna wa kuziona. Na mkulima akishachimba mashimo hangoji, anaenda kununua kwingine.

Nilibadilisha passwords. Nikarestart services. Nikaangalia disk, memory, mpaka saa ya server. Mimi nikijaribu kutoka kwangu, naingia kila mara. Hapo ndipo roho huanza kumshuku mteja, mnaijua hiyo roho.

Kwa log, yaani rekodi za server, niliona ni fail2ban inawafungia. Kwa wasioijua, huyo ni mlinzi wa server: mtu akikosea password mara kadhaa, anafungia internet yote ya mahali alipo kwa muda. Nikawaambia waache kukosea. Wakaapa hawakosei. Nikaiambia fail2ban iiruhusu IP yao, yaani anwani yao ya internet, lakini IP ya wifi yao hubadilika, kwa hivyo haikusaidia.

Mwishowe Wairimu akanipigia, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniuma.

"Wewe ni kama ndugu yangu, lakini hii maneno imenichosha. Kuna mtu wa Nairobi anakuja kuhamisha website Ijumaa."

Nikamwomba nikae ofisini kwake siku moja tu. Hakuwa na sababu ya kukubali, lakini alikubali.

Asubuhi yote, login sawa kabisa. Nimekaa pale na laptop nakunywa chai ya watu, aibu imenijaa.

Halafu mama yake akaingia kutoka Wamagana na mfuko wa nduma, yale magimbi. Ni kawaida yake, akija sokoni lazima apitie kwa binti yake apumzike. Akatusalimia wote kwa mkono, akaketi, akamiminiwa chai. Kabla aimalize, mfanyakazi mmoja akasema, "Imeanza."

Nikafungua log kwa bundles za simu yangu, maana wifi yao imefungiwa. Kuna kitu ndani ya ofisi hiyo kilikuwa kinajaribu kuingia kwa email ya Wairimu, ambayo nayo iko kwa server yangu, tena na tena, na Wairimu mwenyewe amesimama mbele yangu hajashika chochote.

Mgeni pale alikuwa mama yake peke yake. Nikamuuliza kwa heshima, nikimwita cucu, yaani nyanya: "Cucu, hiyo simu yako ulitoa wapi?"

"Si ni huyu alinipatia, akinunua ingine," akasema akimwonyesha Wairimu.

Wakuu, nilicheka mpaka machozi. Huku kwetu simu ya zamani haiuzwi, inaenda kwa mama. Na hii ilienda na kila kitu ndani, kwa sababu ina picha za mwisho za marehemu mume wa cucu, na hakuna aliyethubutu kuifuta. Email ya Wairimu ikabaki humo na password ya zamani. Nyumbani cucu haweki data. Akifika ofisini simu inashika wifi yenyewe, inaanza kubisha kwa server, mlinzi anawafungia wote.

Nilipoeleza, cucu akanisukumia simu.

"Basi kaeni nayo. Si mimi nitaharibia huyu mtoto biashara."

Nikatoa email peke yake, nikamfungulia picha aone mzee bado yuko. Akaangalia kwa muda. "Ngai akurathime," akaniambia, yaani Mungu akubariki.

Nikaondoa ile ban, na login haijakataa tena.

Somo langu: kabla ya kulaumu watu, nenda ukae nao, uone nani anaingia na simu gani inashika wifi.

Lakini nimeandika uzi huu hasa kwa shukrani. Nikiwa bado nafunga laptop, Wairimu alimpigia yule wa Nairobi.

"Usikuje," akamwambia. "Mtu wangu wa server niko naye hapa."

Niliangalia dirishani, sikutaka wanione uso.

Wewe uliyempa mzazi simu yako ya zamani, hebu iangalie, kisha utuambie hapa chini umekuta nini.