Swali la Punyeto Kwenye Mafundisho ya Ndoa

Kabla ya kufunga ndoa, mimi na mchumba wangu tulihudhuria mafundisho Jumamosi tatu kwenye ukumbi wa parokia, Ngara. Tulikuwa jozi nne za wachumba, na katekista wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mpole sana.

Jumamosi ya pili alifika kwenye punyeto. Neno lenyewe hakulitamka, alisema “ule mchezo wa peke yako.” Akatueleza kama alivyofundishwa zamani: unakausha mgongo, unafifisha macho, unamaliza mbegu.

Rafiki yangu, mwanaume wa miaka thelathini aliyekuwa akibadilisha fedha mpakani Kabanga, naye alikuwa akijiandaa kuoa, na alikaa karibu nami. Wakati wa chai hakugusa viazi.

“Naahirisha harusi,” aliniambia. “Nimeshajimaliza, ndugu yangu. Hata dawa ya mizizi niliyouziwa mnadani inanisokota tumbo tu.”

“Baada ya chai mama nesi wa zahanati anakuja kutufundisha,” nilimjibu. “Muulize.”

Sikudhani angethubutu. Lakini nesi alipomaliza kueleza habari za ujauzito, rafiki yangu alisimama, mchumba wake akiwa pale pale.

“Shikamoo mama. Mtu aliyewahi kufanya ule mchezo anaweza kupata mtoto?”



“Marahaba, mwanangu. Anaweza kabisa. Haukaushi mgongo wala haupofushi macho. Kama kuna dawa unakunywa kwa ajili hiyo, iache.”

Mchumba wake akamvuta akae, akamshika mkono. Sote tukamtazama katekista, tukingoja akemee.

“Kanisa linauita dhambi, nami sitalipinga,” alisema. “Lakini magonjwa yale niliwatisha nayo kwa sababu na mimi nilitishwa. Nilioa nikiwa na hofu. Sikulala vizuri mpaka mama watoto aliposhika mimba.”

Mtu mmoja alicheka, kisha sote, naye pia.

Mke wangu, aliyelelewa Nyabusozi na bibi yake Msukuma, anasema kwao jambo hilo halikutajwa kabisa, kwa ubaya wala kwa uzuri. Siku hizi vijana wanaoa wakiwa wameshauliza simu zao. Pengine ni afadhali. Lakini mimi naukumbuka ukumbi ule, na mzee aliyekubali kusahihishwa mbele yetu.

Rafiki yangu ana watoto watatu. Katekista tulimzika mwaka juzi. Jioni ya mafundisho yale alitusindikiza hadi njia panda akikokota baiskeli, akituuliza habari za maharage shambani.