Madaktari wa Mbali Kwenye Kituo cha Majani

Mwaka ule wa mvua za El Nino, malaria ilipanda milimani kwetu, upande wa Sosiot. Sisi Wakipsigis hatukuwa tumeizoea. Tulisema ni ugonjwa wa wale waliotoka ziwani kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, kwamba huku juu baridi inaua mbu. Mtu akitetemeka tuliita nimonia, tukamfunika blanketi, tukangoja. Wengine tuliwangoja mpaka tukawazika.

Serikali iliomba msaada nje, wakaja madaktari wa nchi za mbali na dawa na darubini. Walipiga mahema kwenye uwanja wa mpira karibu na kiwanda hicho. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa darasa langu lilikuwa karibu tupu, nilijitolea kuwatafsiria. Familia za wafanyakazi zilijaa pale tangu asubuhi. Watu wa vijiji vyetu, wenye mashamba madogo ya chai, hawakuonekana.

"Kwani huko kwenu hakuna wagonjwa?" aliniuliza kiongozi wa madaktari hao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole.

"Wako. Hata mama yangu ni mgonjwa, lakini amekataa kuja."

Akachukua mkoba wake. "Basi twende kwake."

Tulimkuta Mama amelala karibu na moto, macho yamemwingia ndani. Hata hivyo aliniamuru nimpe mgeni mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Daktari alikunywa kikombe chote, ndipo akaomba kumtoboa kidole apime damu.

"Mwambie malaria si yetu," Mama aliniambia kwa Kikipsigis. "Mimi nimeshikwa na baridi tu."

Nikatafsiri. Daktari hakubishana naye. "Mwambie mbu haulizi mtu ametoka wapi."

Mama akacheka kidogo, akatoa mkono. Ilikuwa malaria, na kali. Jioni hiyo hiyo dawa zililetwa, na baada ya siku chache akaanza kulalamika kwamba ugali wangu ni laini mno. Nikajua amepona.

Daktari aliporudi kumwona, alimuuliza, "Mama, tufanye nini majirani wako waje?"

"Mgonjwa gani atapanda na kushuka milima hii akitafuta hema? Kila nyumba hapa ina mtu anayepeleka majani ya chai kituoni. Njooni pale."

Daktari akataka kujua kama kuna paa na mahali pa kuweka meza. Mama naye akataka kujua kama dawa zitatosha watu wote. Walipanga pale pale jikoni, nami katikati, nikigeuza maneno mpaka koo likanikauka.

Basi meza ikawekwa kituoni, kando ya mizani ambapo majani yetu hupimwa kabla ya lori la kiwanda kufika. Mwanzoni watu walisimama mbali na vikapu vyao, wakitazama tu. Mama akaenda mbele akitegemea fimbo.

"Mlikuja nyumbani kunifunika blanketi," akawaambia. "Asanteni. Lakini blanketi halikuniponya."

Mzee mmoja aliyejulikana kanisani kwa ubishi alitua kikapu chake, akanyoosha mkono. Wengine wakafuata. Jirani yetu mmoja kutoka ziwani, aliyeijua malaria tangu utotoni, aliketi na akina mama akiwaonyesha dalili za hatari kwa mtoto. Nilizoea kusikia watu wakimsema vibaya. Siku hiyo walimsogezea kiti.

Kabla ya kuondoka, madaktari walimfundisha muuguzi wa zahanati yetu kutumia darubini, wakamwachia moja. Yule daktari alituambia kwamba katika nchi nyingi alikuwa akiuliza kwanza uwanja wa kupiga mahema uko wapi. "Kuanzia sasa nitauliza watu wanakutana wapi." Niliyatafsiri maneno hayo kwa sauti kubwa, kifua mbele.

Mvua zilizofuata hatukungoja wageni. Mama na wenzake wa kanisani walifagia kituo, wakamwita muuguzi wetu mapema. Watu waliugua, ndiyo, lakini msimu ule kijiji chetu hakikuzika mtu kwa malaria.