Rudia na Damu ya Dada Yake

Katika maabara ya hospitali ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Madaktari, manesi na hata wafagizi walimwita Rudia, naye akaitika, maana jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka ishirini na sita, kila jibu lililomtia shaka alilipima upya, na daktari mwenye haraka aliyekuja kugonga kidirisha aliambiwa, "Ukitaka jibu la chapuchapu, kapige ramli." Walimcheka, tena sana. Lakini walipougua wao wenyewe, au mama zao, walitaka damu ipimwe na Rudia na si mtu mwingine.

Aliyemsomesha mpaka akavaa koti jeupe ni dada yake, fundi nguo. Dada mtu alikuwa na karakana ya vyerehani vitatu na mkasi mkubwa ambao kuugusa ilikuwa ugomvi. Wengine walishona, yeye ndiye aliyekata. Mteja akiingia mlangoni, tayari alishamkadiria kiuno, na futi ilikuja baadaye kuthibitisha tu.

Mwaka ule mambo yakaanza kwenda mrama. Dada akawa anaamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Mifupa ikamuuma, choo kikawa cha taabu, vipimo vya wateja vikampotea kichwani. Kisha akakata suruali ya bwana harusi, akasahau kugeuza kitambaa, na miguu yote miwili ikatoka ya kushoto. Bwana harusi alikuja kuijaribu siku tatu kabla ya sherehe, akavuta, akajipinda, suruali ikamkatalia. Mtaa mzima ulicheka. Dada hakucheka, alikwenda nyuma ya karakana akalia peke yake.

Wanawe wawili wakaitisha kikao bila yeye, wakamwita Rudia, mama yao mdogo. "Mama amezeeka," alisema mkubwa. "Akili imeshachoka. Mwisho wa mwezi tunafunga karakana, apumzike." Wakamtazama Rudia. Naye, Mungu amsamehe, alikuwa ametoka zamu, macho yanajifumba, akaguna tu na kusema, "Uzee hauna dawa, wanangu." Neno likapita.

Wiki iliyofuata dada alifika maabara kumletea koti alilomshonea kifungo. Alipokaa tu akanywa chupa nzima ya maji, akaenda msalani, akarudi akaomba maji mengine, kisha akaondoka tena kwenda msalani. Rudia akamwangalia mara hiyo kwa jicho la kazi. Akadhani ni sukari.

"Dada, lete mkono."

"Nimeleta koti, sikuleta damu!"

Alimfunga mpira mkononi, wakabishana, mwishowe sindano ikaingia. Sukari ilikuwa sawa kabisa. Lakini alikuwa amepima na madini, na hapo mashine ikatoa kalsiamu tatu nukta mbili, wakati mwisho wa kawaida ni mbili nukta sita. Alijua kwamba kalsiamu ikizidi kwenye damu huleta kiu, mkojo mwingi, choo kigumu na maumivu ya mifupa, na akili nayo huingia ukungu. Yote hayo yalikuwa mbele yake, yamekaa kwenye kiti yakinywa maji. Alijua pia sababu mbili zinazoongoza: tezi ndogo za shingoni, na saratani.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alitamani jibu liwe la uongo. Na sababu aliipata. Walipokuwa wakibishana aliuacha mpira umembana dada muda mrefu, na mkono ukibanwa hivyo kalsiamu hupanda bure. Ni kosa ambalo watu wa sindano hulifanya wakizidiwa na maneno. Basi akatoa damu upya, safari hii bila mpira, mshipa akiutafuta kwa kidole mpaka jasho likamtoka. Mashine ikasema tatu nukta moja.

Akauvamia mkoba wa dada. Alitafuta vidonge vya kiungulia, vitamini D, au dawa ya presha ya kukojoza, maana hivyo navyo vinaweza kuipandisha kalsiamu. Akakuta pini, peremende na chaki ya kuchorea vitambaa.

"Labda anaitafuna hiyo chaki," nesi mmoja akatania.

"Ningekuwa naitafuna, ningekuwa nimeshiba," dada akajibu.

Daktari akamlaza dada kwa dripu ya maji, akaagiza kipimo cha homoni ya zile tezi. Damu ikawekwa kwenye barafu, ikapelekwa hospitali kubwa. Homoni ikiwa juu, kosa ni la tezi, na tezi hutolewa. Ikiwa chini, itabidi saratani itafutwe. Siku nne Rudia hakula cha maana. Siku ya tano jibu likaja, na homoni ilikuwa juu, tena juu sana. Alilisoma mara tatu, akaketi sakafuni kwa furaha, mtu mzima yule.

Jioni alikwenda kwa wapwa zake. "Mama yenu hajazeeka," aliwaambia. "Shingoni kuna tezi nne, kila moja kama punje ya mchele. Moja yake imevimba kama harage, inanyonya kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Anayefunga karakana hiyo anipitie mimi kwanza."

Tezi ilitolewa. Wiki ya tatu Rudia alimkuta dada barazani kwake, shingo ina plasta ndogo, kiu imekwisha, na macho yamerudi kuwa makali kama zamani.

"Wanangu wameniungamia," alisema. "Walikaa kikao cha kunifungia kazi. Na wewe ulikuwepo. Ulisemaje?"

Angeweza kuzungusha maneno. Hakuzungusha. "Nilisema uzee hauna dawa."

"Damu ya mtu usiyemjua unaipima mara mbili, mara tatu. Mimi ulinitazama mara moja, ukaandika jibu."

Machozi yalimtoka Rudia, akayaacha yatoke.

"Nisamehe, dada."

"Nitafikiria," dada akasema, lakini alikuwa ameshamshika mkono.