Ndoo Iliyofika Imejaa

Gari la marehemu baba lilikuwa na kichwa cha pikapu kuukuu na bodi ya mbao aliyoipiga mwenyewe, mwalimu mzima na randa mkononi. Nililirithi pamoja na kazi yake: kumpeleka Mama hospitali, Masasi. Mgongo wake ulikuwa umeharibika, hawezi kukaa kitako muda mrefu, basi tulimlaza nyuma kwenye godoro. Kutoka kwetu Newala kuteremka ni kona na makorongo, na kila tairi lilipoingia shimoni Mama alilia. Mara ya mwisho alisema hapandi tena, afadhali afie kwake. Neno hilo lilinikata maini.

Wakati huo biashara ya nje ndiyo kwanza imefunguliwa, na vyuma vya mitumba kutoka Japani vilikuwa vimejaa Dar. Fundi mmoja wa Nanganga akanishauri tung'oe ekseli ya mbele na springi zake za mapande, tufunge miguu ya basi dogo. Kila tairi lingekuwa na mkono wake na springi yake. La kushoto likitumbukia, la kulia halina habari. Gari lake mwenyewe, kuukuu kama langu, alishalifunga hivyo.

Mimi si mtu wa kuambiwa tu nikakubali. Kazi ile ilitaka kukata chasisi, na chasisi ikishakatwa imekatwa. Nikasema tupime kwanza. Tutaweka ndoo iliyojaa maji pomoni pale nyuma anapolala Mama, tuteremke, tuone yatabaki kiasi gani.

"Una wazimu?" Mama akafoka. "Maji tunayafuata bondeni, wewe unakwenda kuyamwaga barabarani!"

Nilikwenda na gari langu, ndoo wazi. Chini nikakuta nusu ndoo, godoro chapachapa. Kesho yake fundi akaja na lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe umekuja kumwaga?"

Tukajaza ndoo. Mama akajikongoja na fimbo yake hadi kwenye mkorosho, akavunja tawi lenye majani, akalilaza juu ya maji. Kila mwanamke wa kwetu akijitwisha ndoo hufanya hivyo. Mimi niliona, fundi naye aliona, tukaliacha palepale. Tangu utoto nimezoea kuona majani juu ya ndoo za wanawake njiani.

Tulipofika chini, maji yalikuwa karibu yote. Nilirukaruka kama mtoto! Nikamkumbatia fundi, na wiki ile ile akaikata chasisi.

Kumrudisha Mama kwenye gari haikuwa rahisi. Nilimwapia kwa kaburi la baba kwamba safari hii hatasikia kitu. Akanitazama sana, kisha akakubali kulazwa.

Usukani ulikuwa mwepesi, mbele kumetulia, nami najisifu kimoyomoyo. Tukaingia korongo la kwanza. Mama akapiga yowe.

Nilisimamisha gari, nikazunguka nyuma. Nakiri nilikuwa na hasira, tena hasira zangu ni za haraka.

"Mama, mbona unalia? Ndoo haikumwagika!"

"Itamwagikaje, na majani niliyaweka mwenyewe?"

Nikachungulia chini ya bodi. Huko nyuma, chini ya godoro lake, springi zilikuwa zilezile za baba. Mimi na fundi, watu wazima wawili, tulishindwa na tawi la mkorosho.

"Sasa kwa nini hukuniambia, Mama?"

Alikuwa ameshika ubao wa bodi kwa mikono miwili, machozi yanamteremka hadi sikioni.

"Uliiuliza ndoo, mwanangu. Mimi nilikuwepo nyumbani siku zote mbili."

Nilimfuta uso kwa kanga yake. Akafumba macho.

"Nirudishe," akasema.

Niligeuza gari, nikaendesha taratibu mno hadi Newala. Hakupanda tena.