Breki ya Kushoto

Baba, ndivyo nilivyomwita mume wa madam, aliweka sharti akiwa amesimama getini, funguo za gari la madam bado ziko mkononi mwake. "Mkwaruzo mmoja," akasema, akituonyesha kidole, kwanza mke wake, kisha mimi. "Mmoja tu, halas, basi. Baiskeli naziuza zote mbili." Madam alicheka. Mimi sikucheka. Madam akinyang'anywa baiskeli alikuwa bado na shule anakofundisha, na gari lake, na dada zake wa kutembelea. Mimi nilikuwa na Ijumaa tu, siku ya baiskeli.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani kwao, mtaa wa Suwaidi, Riyadh. Siku nyingine zote nilivuka lile geti kwenda kutupa taka tu, nikarudi. Wazimu wa baiskeli ulitoka kwa dada yake madam aliyeko Jidda, ambaye huendesha kando ya bahari na wanawake wenzake na kutuma picha kila wiki. Daktari naye alikuwa amemtisha madam kuhusu sukari. Baba hakutaka aende peke yake. Akamuuliza, "Nani atakuwa nawe?" na madam akaninyooshea kidole jikoni, mikono yangu imejaa unga. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuendesha.

Najua sana. Nimelelewa kwenye miwa, magharibi mwa Kenya, na nilijifunzia blakmamba, ile baiskeli nyeusi nzito, ya baba yangu mzazi, mguu umepitishwa chini ya mtaimbo wa kati kwa sababu kiti kilinizidi kimo. Nimebeba mitungi ya maji, nimebeba binamu zangu, siku moja nimebeba mbuzi aliyekuwa akilia njia nzima. Na kwetu breki ya kushoto hushika gurudumu la nyuma. Baiskeli za Riyadh ni kinyume: kushoto ni mbele. Madam aliniambia siku ya kwanza, kama alivyoambiwa dukani. Nikamjibu, "Aiwa, madam." Kichwa kilisikia. Mkono ulibaki Kenya.

Kwenye lami haikuwa na neno. Tulikuwa tukizipakia kwenye gari la madam na kufika bondeni, pembezoni mwa mji, asubuhi mapema, kabla familia hazijaja na mazulia yao na birika za chai, na kulizunguka ziwa la bwawa polepole, tukiongea. Maji yalikuwa ya kijani, majabali yamesimama pande zote. Ukifuata bonde kwenda mbele unakuta mashamba ya mitende, na shamba moja lenye mizabibu iliyotambaa hadi nje ya ua. Madam alikuwa akiniambia kila wiki kwamba kuchuma cha mtu si halali, kisha anachuma, anatema mbegu, ananipa na mimi. Nilimpenda hapo kuliko popote. Nyumbani alikuwa madam. Pale alikuwa mwanamke anayehema, na mlimani nilikuwa namwacha nyuma.

Rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi Naseem, upande wa pili wa mji, alinitumia sauti kwenye simu nilipomweleza. "Wee, uko serious? Bike na madam? Mimi hapa hata balcony imefungwa. Chunga hiyo Friday yako kama passport, mami." Nilirudia kuisikiliza mara nyingi wiki ile.

Ijumaa yenyewe madam aliichoka lami. Alitaka njia ya mawe inayoteremka kutoka juu ya jabali hadi bondeni, ambayo vijana wenye baiskeli za milimani huipita wakipiga kelele. Nikamwambia, "Mafi, madam, hapana. Hii si yetu." Akasema, "Yalla, twende," na akaenda. Nilimwona akirukaruka juu ya kiti, abaya imekusanywa kiunoni, nikawa naomba kwa sauti. Alifika chini mzima na kunipungia mkono. Basi nikafuata. Nilikuwa najiona fundi.

Katikati ya mteremko jiwe liliteleza chini ya gurudumu. Nilitaka kupunguza mwendo, nikabana kushoto kwa nguvu zote, kama nilivyobana maisha yangu yote. Gurudumu la mbele likakwama, na baiskeli ikanitupa juu ya usukani. Nilitua kwa kidevu.

Madam alipanda kwa miguu, analia kabla hajanifikia. Aliushika uso wangu kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku, na neno la kwanza likawa, "Atauona." Hasira ilinipanda hadi masikioni. Damu inanichuruzika shingoni na yeye anamwaza mumewe. Kisha nikagundua kwamba mimi pia nilikuwa namwaza yeye yule. Tuliosha kidonda kwa maji ya kunywa, na madam akakibana kwa mtandio wake mpaka damu ikakata. Kwenye gari alipekua droo na kutoa barakoa zilizobaki tangu wakati wa korona. "Utasema una mafua," akasema.

Baba alikuwa sebuleni tulipoingia. Akaitazama barakoa. "Mafua," nikasema, nikakohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa cha aibu. Akarudi nyuma hatua moja na kumwambia mkewe anitafutie ndimu.

Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia. Jioni ile alinunua asali. Kesho yake alileta vidonge na kuviweka kwenye meza ya jikoni, na akawakataza wageni wake kahawa ya mikono yangu, kwa afya yao. Nilikuwa nafunika uso toka asubuhi, pumzi inanirudia mdomoni, kidonda kinawasha, na kila nilipoinama kwenye oveni nilihisi kitapasuka tena. Katikati ya wiki akasema akiwa mezani, "Mgonjwa haendeshi baiskeli. Ijumaa hii utabaki." Madam aliendelea kukata tango lake. Hakuinua macho. Nilirudi jikoni na kusugua sufuria iliyokuwa safi. Ule uongo tuliousema ili kuiokoa Ijumaa ndio uliokuwa unaila.

Alhamisi nilikuwa ghorofani nasafisha madirisha, madam yuko shuleni. Nikaona pikapu ya baba imerudishwa nyuma hadi bandani. Akatoka anasukuma baiskeli. Moja tu. Yangu. Akailaza nyuma ya gari, akaifunga kamba, akaondoka. Ya madam ilibaki imeegemea ukuta. Kumbe ya kuuzwa ilikuwa moja. Nilishuka nikapika wali, nikatia chumvi, nikasahau, nikatia tena, na sikuhuzunika hata kidogo kwamba wataula hivyo.

Alasiri nikasikia pikapu, kisha akaniita nje. Nilitoka nimejipanga kusema "sawa, baba" na kurudi ndani kabla sijalia. Baiskeli ilikuwa imesimama uani. Usukani umenyooshwa.

"Hayo mafua yako," akasema, "yalianzia kidevuni?"

Nikaishika barakoa, nikaivuta juu zaidi.

"Usukani ulikuwa umepinda. Mafua hayapindi usukani. Jana nikamuuliza madam, akanieleza yote." Aliinama na kuonyesha nyaya za breki, nyeusi na mpya. "Anasema kwenu kushoto ni nyuma. Fundi amezigeuza. Kushoto sasa ni nyuma, kama kwenu."

Niliangalia zile nyaya kwa sababu sikuweza kumwangalia yeye. Nilikuwa na hasira na madam kwa kusema, na hasira na yeye kwa kujua tangu jana na bado kuniacha na barakoa, na chini ya hasira zote kulikuwa na furaha.

"Toa hiyo barakoa," akasema. "Utakosa pumzi."

Nikaitoa. Aliutazama uso wangu kidogo tu, kisha akatazama ukuta, kama adabu inavyotaka.

"Na lile sharti, baba?" nikauliza.

"Liko palepale. Mkwaruzo mmoja, halas." Alikuwa ameshaanza kuondoka. "Huo hapo ni wa zamani. Mimi nahesabu kuanzia kesho, mkiwa bondeni."

Aliingia ndani kwenda kula wali wangu wa chumvi. Nilibaki uani, nikaisukuma baiskeli mbele kidogo, nikabana mkono wa kushoto. Gurudumu la nyuma likasimama.